Banda la gemu lililofungwa Ngamiani: uchambuzi wa kisa

Banda lilikuwa fremu moja ya futi 12 kwa 20, katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga. Mlangoni pazia zito la kitenge ili mwanga usipige vioo. Ndani TV saba za chogo juu ya meza ndefu ya mbao, benchi mbele ya kila moja, feni mbili za darini. Wateja wake walikuwa watoto waliotoka chuoni baada ya alasiri, vijana wa sekondari, na jioni wanaume wazima waliokwisha kufunga maduka ya spea za baiskeli. Sasa geti lina rangi mpya, na ndani kuna wakala wa kutuma na kupokea pesa.

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na yale yanayoyapata mabanda ya aina hii, ndiyo maana hakina jina la mtu wala namba ya barabara. Hesabu za shilingi ni za mfano. Mwenye banda aondoe zetu aweke zake, njia ya kuzipiga ni ile ile. Tumekigawa katika mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kwa nini banda lilifungwa, na lilifungwa vipi. La kwanza huenda lisingeepukika. La pili liliepukika kabisa, na ndilo lililotuuma.

Kilichokuwamo

TV nne zilikuwa na PS2 (PlayStation 2 ya Sony), mbili za mwili mkubwa na mbili nyembamba. Ya tano ilikuwa na PS1 ile ndogo nyeupe inayotumia adapta ya volti 7.5. Ya sita Sega Mega Drive. Ya saba, iliyokaa pembeni karibu na mlango, ilikuwa na gemu ya kaseti, nakala ya Famicom ya Nintendo, pamoja na bastola yake ya kulengea shabaha.

Bastola hiyo ndiyo iliyoleta watoto wadogo, na inaeleza kwa nini TV ya chogo si pambo la kale. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kitupu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha shabaha hutokea kama kisanduku cheupe. Jicho lililo ndani ya mtutu husubiri mwanga wa kisanduku hicho, tena mwanga unaochorwa mstari kwa mstari na mwale wa elektroni. TV bapa huchelewesha picha na haiichori kwa namna hiyo, kwa hiyo bastola inakuwa kipofu. Ukiondoa chogo, umeondoa na bastola.

Kwa PS1 na PS2 hasara ni ya aina nyingine. PS1 hutoa picha ya mistari 240, na TV bapa nyingi huichukulia vingine, zikaikuza kwanza ndipo ziionyeshe. Kwenye mfumo wa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 16.7. TV ikichelewesha picha tatu au nne, aliyebonyeza kupiga shuti anaona mpira ukiondoka baada ya beki kufika. Mchezaji wa zamani hataeleza kwa milisekunde. Atasema padi ni nzito, na kesho haji.

Utaratibu wa banda ulikuwa mmoja: anayefungwa anapisha, na ndiye anayelipa. Mechi ya dakika kumi, shilingi 300. Mshindi anakaa mpaka atolewe. Ukutani kulikuwa na karatasi ya ligi ya Ijumaa, iliyopangwa kwa kalamu na rula. Kwenye padi ya TV ya pili, alama ya kitufe cha X ilikuwa imefutika kabisa, plastiki imekuwa laini kama kokoto ya ufukweni, na kila mchezaji wa mtaa ule aliijua padi hiyo hata gizani.

Lawama kwa simu

Ukiuliza mtaani, jibu ni simu: watoto wana gemu mkononi, nani atalipa shilingi 300? Ni kweli kwa nusu. Simu ilimchukua mchezaji wa peke yake, yule wa mchana aliyekuja kuua muda. Haikuwachukua wawili wanaotaka kukaa benchi moja na watazamaji wanane nyuma yao wakizomea. Saa za jioni ziliendelea kujaa mpaka wiki ya mwisho, na usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe watu walisimama hadi nje.

Hata uchakavu wa mashine si jibu kamili. Mapema 2013 mambo mawili yalikutana: Sony ilisimamisha utengenezaji wa PS2, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, na Tanga ikawa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kuzimiwa matangazo ya analojia. Ving'amuzi vikaingia, TV bapa zikafuata, na chogo zikashuka bei. Kwa banda hiyo ilikuwa neema, kwa sababu vifaa vilivyoachwa na wengine vilipatikana kwa bei ya kutupa. Banda lililojua kutengeneza lingeweza kuishi miaka mingi juu ya neema hiyo. Hili halikuishi, na sababu imo kwenye daftari.

Hesabu ya siku na kodi ya nusu mwaka

Banda liliendeshwa kama bodaboda. Mwenye mali alimkabidhi kijana, kijana akapeleka hesabu kila jioni. Umeme aliununua kijana kutoka kwenye makusanyo, na kilichobaki kikawa chake.

Katika msimu mzuri tuseme zilichezwa mechi 90 kwa siku, shilingi 27,000. Umeme: TV ya inchi 21 pamoja na mashine yake ni wastani wa wati 100, mara saba ni 700, feni na taa ongeza 150. Kwa saa kumi ni uniti 8.5. Uniti ya matumizi ya kawaida ya biashara, pamoja na kodi zake, tuihesabu shilingi 356, kwa hiyo takriban 3,000 kwa siku. Hesabu ya mwenye mali 15,000. Kijana anabaki na 9,000. Kila mmoja ameridhika.

Mwenye mali kwa siku 26 za mwezi anapata 390,000. Kodi ya fremu 150,000 kwa mwezi. Anaona 240,000 ni faida, na anaila. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, mapema kabisa, wakati mambo yalikuwa mazuri. Lenzi, padi, nyaya, adapta na TV zinazokufa zilihitaji kama 60,000 kwa mwezi, na fedha hiyo haikuwa na mfuko. Kitu kikiharibika, ilitafutwa siku hiyo hiyo, au mashine ikawekwa chini ya meza "mpaka tutakapopata." Chini ya meza ndiko zilikofia.

Mechi ziliposhuka hadi shilingi 17,000 kwa siku, umeme haukushuka. TV zote ziliendelea kuwaka ili banda lionekane limechangamka. Zikabaki 14,000, hesabu ikapunguzwa hadi 9,000 na kijana akabaki na 5,000. Kwa mwezi mwenye mali anapokea 234,000. Toa kodi 150,000, toa uchakavu 60,000, inabaki 24,000, yaani chini ya shilingi 1,000 kwa siku. Lakini mkononi kila jioni anashika 9,000, na macho yanaamini kile mkono unachoshika. Ukigawa kodi kwa siku ni 5,800, na uchakavu 2,300. Katika ile 9,000, shilingi 8,100 hazikuwa zake.

Kisha ikaja siku ya mkataba. Fremu Tanga, kama kwingine nchini, hulipiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mwenye nyumba alitaka mwaka mzima, tena kwa 180,000 kwa mwezi: 2,160,000. Banda lililokuwa linaendeshwa kwa hesabu ya jioni liliulizwa deni la mwaka asubuhi moja.

Zilikuwapo njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kupunguza, kubaki na stesheni nne zinazochezwa kweli na kuhamia chumba kidogo cha uani. Stesheni tatu zikizimwa ni uniti tatu kwa siku, zaidi ya shilingi 1,000, na fremu ya barabarani haihitajiki kwa biashara ambayo wateja wake wanaijua hata ikihamia uchochoroni. Ya pili ilikuwa kutoza kwa saa badala ya mechi nyakati za mchana, kwani mechi moja inayovutana hadi penalti inakula dakika 18 kwa bei ya kumi. Ya tatu ilipendekezwa na jirani: kuweka mashine ya dubwi pembeni. Hiyo ilikataliwa, na ilikuwa haki kukataliwa. Dubwi ni mchezo wa kubahatisha, unataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na hauruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na banda hili nusu ya wateja wake walivaa kaptula za shule. Njia mbili za kwanza hazikujaribiwa. Zilizungumzwa wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho haina nafasi ya kuhama.

Chumvi, umeme na lenzi

Ile 60,000 ya uchakavu si ya kubuniwa juu juu, na Tanga ina namna yake ya kuila. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Vumbi la barabarani likitua ndani ya PS2 huwa tope jembamba linalonata kwenye mapezi ya feni. Feni ikizunguka kivivu, mashine inapata joto, na grisi ya reli ya lenzi inakauka. PS2 ya mwili mkubwa ingefunguliwa kila wiki mbili, ipulizwe, feni ifutwe kwa brashi laini. Banda hili lilifungua pale tu mashine ilipogoma.

Lenzi ndiyo iliyokula fedha nyingi. CD nyingi zilikuwa za kuchoma, na CD ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, hivyo lenzi hulazimika kusoma tena na tena. Dalili ya kwanza ni gemu kukwama ikipakia uwanja; ya pili, mashine kusoma CD za bluu na kukataa DVD. Hapo kijana mwenye bisibisi hugeuza kile kidude cha kurekebishia kilicho ubavuni mwa lenzi ili kuiongezea nguvu. Mashine inaamka, watu wanashangilia, na lenzi ambayo ingesafishwa tu sasa inaungua mapema. Utaratibu sahihi ni huu: futa jicho kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kavu, bila kukandamiza, safisha reli na uipake grisi kidogo; kwenye PS2 kubwa, kabla ya kugusa gia nyeupe inayoinamisha lenzi, weka alama ya kalamu ilipo. Yote hayo yakishindikana ndipo ubadilishe, KHS-400C kwa nyingi za kubwa na PVR-802W kwa nyembamba za toleo la 77000. Nunua baada ya kusoma namba iliyo kwenye lenzi yenyewe, maana mashine za mtumba hubadilishwa matumbo.

Njia ya kuipumzisha lenzi moja kwa moja ipo: kupakia gemu kutoka kwenye flashi kwa Open PS2 Loader, ikiwashwa na Free McBoot iliyo kwenye memori kadi. Inafanya kazi kwenye PS2 karibu zote isipokuwa toleo la mwisho la 90000 lenye biosi (programu ya kuwashia) 2.30. Kasoro yake ni tundu la USB la mashine yenyewe, ambalo ni la kizazi cha kwanza na husoma chini ya megabaiti moja kwa sekunde. Mechi inachezeka, video za utangulizi zinakatakata. Kwenye mwili mkubwa wenye adapta ya mtandao unaweza kuweka hadi diski kuu ya IDE, na tatizo linakwisha. Kwa banda, stesheni mbili za namna hiyo zingelipa gharama yake kwa lenzi zisizonunuliwa.

Padi zinafia mahali pawili. Waya hukatika ndani pale unapoingia kwenye mwili, kwa kuvutwa na kukunjwa. Ukiitikisa na gemu ikapotea na kurudi, kata sentimita tano, lehemu upya rangi kwa rangi, funga fundo ndani ili mvuto usifike kwenye lehemu. Padi za nakala zina rangi zake, kwa hiyo chora kabla ya kukata. Pa pili ni kijiti cha analogi kinachojiendea chenyewe. Spiriti hukiokoa mara moja au mbili, kisha ni kubadilisha. Kaseti za gemu nazo zilikuwa zikipulizwa kwa mdomo, kosa la miaka yote. Mate ni maji yenye chumvi. Ifute miguu ya kaseti kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti, uiache ikauke.

Umeme uliua TV mbili kwa mpigo, na haukuwa radi. TV ya rangi ya chogo ina koili ya kufuta usumaku kuzunguka kioo. Kila inapowashwa ikiwa baridi, koili hiyo huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, ule mlio wa "dung" unaosikika. Umeme ukikatika na kurudi wakati TV saba zimeachwa zimewashwa, zote huvuta kwa pamoja kwenye ekstensheni moja ya ampea 13. Volti inashuka, inapanda, soketi inayeyuka, na ile yenye kapasita dhaifu haiamki tena. Umeme ukikatika, zima kila kitu ukutani. Ukirudi, ngoja dakika tano, washa moja, hesabu hadi kumi, washa ya pili. Hakuna spea wala fundi anayehitajika hapo; anahitajika kijana anayejua sababu.

Yule kijana hakuwa mzembe. Mkataba wa hesabu ulimlipa kwa mechi zilizochezwa leo, haukumlipa chochote kwa mashine kuwa hai mwezi ujao. Angezima TV dakika tano, angepoteza mechi tatu.

Siku ya kufunga

Uamuzi ulifanyika Jumatatu, Jumatano fremu ikawa tupu.

PS2 nne, PS1 na Sega ziliuzwa pamoja kama mzigo kwa fundi wa spea, zikiwa na waya zake kwenye mfuko mmoja wa sandarusi. Padi ya TV ya pili ilikwenda humo. Memori kadi kumi na moja zilikwenda humo. Ndani ya kadi hizo kulikuwa na misimu ya ligi iliyojengwa mechi kwa mechi, timu zenye majina ya wachezaji wa mtaa, baadhi yao wamekwisha kuhama Tanga. Kadi moja ya PS2 ina megabaiti 8 tu. Zote kumi na moja zingeingia kwenye kona ya flashi yoyote ile inayouzwa barabarani.

TV saba zilichukuliwa na guta la chuma chakavu. Mnunuzi wa chakavu hataki TV, anataka shaba. Shingo ya kioo ilivunjwa kwa nyundo, koili ya shingoni ikavutwa, ile ya kuzunguka kioo ikakatwa, mabodi yakang'olewa kwa koleo. Vioo vikaachwa kando ya mtaro. Kioo cha faneli cha TV ya rangi kina madini ya risasi kwa wingi, na unga uliopakwa ndani ya uso wake haufai kuvutwa puani. Watoto walewale waliokuwa wakilenga shabaha kwa bastola waliokota vipande hivyo kuchezea. Nchi ina kanuni za taka za kielektroniki tangu 2021, na taka hizi zinapaswa kupelekwa kwa wakusanyaji wenye kibali. Guta halikuulizwa kibali.

Katika TV zile saba, tano zilikuwa nzima, na viwanda vikubwa vya vioo vya chogo vimekwisha kuacha kuvitengeneza.

Namna ya kufunga bila kupoteza

Banda likishaamua kufunga, linahitaji wiki tatu, na wiki hizo ziendelee kuingiza fedha. Tangazo la mlangoni huleta watu waliokuwa hawaji tena, na makusanyo ya siku za mwisho hulipa kazi ya kufungasha.

Anza na kadi, kwa kuwa ndicho kitu kisichoweza kununuliwa kokote. Kwenye PS2 yenye Free McBoot fungua uLaunchELF, programu ya kunakili mafaili, chomeka flashi ya FAT32, ingia kwenye mc0 (kadi ya tundu la kwanza), unakili mafolda yote kwenda mass (ndiyo flashi), kisha mc1 (kadi ya tundu la pili). Kila gemu ni folda moja. Za matoleo ya Ulaya huanza na BESLES, za Marekani BASLUS. Fungua folda kwa kila kadi na uipe jina lililoandikwa mgongoni mwa kadi, vinginevyo ligi ya mmoja itafuta ya mwingine. Za PS1, zinakilie kwanza kwenye kadi ya PS2 kwa menyu ya mashine yenyewe, halafu zifuate njia hiyo hiyo. Mwisho mwachie kila mwenye jina lake nakala.

Mashine ziuzwe kwa seti, si kwa mzigo: mashine, adapta yake, waya wa picha, padi mbili, kadi. Adapta hasa zisichanganywe. PS2 nyembamba inataka volti 8.5, PS1 ndogo 7.5, na gemu nyingi za kaseti hutaka 9 tena zenye hasi katikati, wakati vichwa vyake vinafanana machoni. Andika juu ya kila moja kwa utepe wa karatasi. Mashine iliyotoka Japani ni ya volti 100, na kuichomeka kwenye 230 ni kuichoma. Hilo liandikwe kwa wino mwekundu. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe kwenye TV ya mnunuzi, mara nyingi mashine si mbovu, ni ya mfumo wa rangi wa NTSC kwenye TV inayojua mfumo wa PAL peke yake. Mwambie kabla hajarudi na ugomvi.

Iliyo mbovu iuzwe kwa fundi ikitajwa ugonjwa wake. Fundi mzuri hulipa zaidi kwa "haisomi DVD, inasoma CD" kuliko kwa "mbovu."

TV ndizo zinazotaka watu. Hubebwa na wawili, uso wa kioo ukielekea kifuani kwa mbebaji, kwani uzito uko mbele. Ya inchi 21 hupita kilo 20. Isilazwe kichogo chini, shingo haihimili. Kwenye guta iwekwe juu ya godoro, uso ukielekea mbele, kamba ipite mwilini isipite mgongoni. Wanaozitaka wapo: mafundi wa redio wanaofundisha vijana, wenye gemu za kaseti nyumbani, kijana wa banda mwenyewe, ambaye angelipwa TV mbili badala ya hesabu ya wiki ya mwisho na akashukuru.

Itakayokufa kweli ifunguliwe na fundi anayejua kutoa chaji. Ndani ya TV ya rangi, kwenye kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo, kuna volti zaidi ya 20,000, na kioo huweza kushika chaji siku kadhaa baada ya kuzimwa. Funga waya kati ya bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki na ule msuko wa waya unaokumbatia mgongo wa kioo, ingiza bisibisi chini ya kikombe kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni. Sikia mlio, ngoja dakika tano, rudia. Bodi nzima ihifadhiwe. Flaibaki (transfoma inayozalisha volti hizo kubwa), IC ya wima (inayotandaza picha juu na chini) na transista ya D2499 ni spea zinazotafutwa.

Ya kuhifadhi Tanga isiwekwe sakafuni wala stoo isiyo na hewa. Mbao mbili chini, shuka la pamba juu, plastiki hapana, kwa sababu plastiki hufungia unyevu wa masika ndani. Iwashwe nusu saa kila mwezi, joto lake lenyewe liikaushe. Ikipiga cheche ndani na kutoa harufu kama ya radi, ni chumvi kwenye kikombe cha mpira: toa chaji, kisafishe kwa spiriti, kiache kikauke kabisa, kipake grisi ya silikoni.

Na iliyokaa mwaka bila kuwashwa isichomekwe moja kwa moja ukutani. Tafuta balbu ya zamani ya waya, wati 100, uifunge mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye TV. Washa. Balbu ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia, koili imevuta na TV inaamka salama, hata kama picha itakuwa nyembamba kwa umeme hafifu. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima; kuna shoti, anza kupima kwenye D2499 na diodi za kuingizia umeme. Ikififia mara tatu mfululizo, itoe balbu, chomeka ukutani, iache ipate joto nusu saa kabla hujaunganisha padi.